Jinsengi haichukui nafasi ya dawa ya sukari

Bwana Mhariri,

Katika soko la Kadutu hapa Bukavu, na hata katika baadhi ya famasi, wagonjwa wa sukari na wa tansio (shinikizo la damu) wanauziwa jinsengi, mzizi wa mmea, kwa neno moja: antioksidanti, yaani kitu kinachokinga seli za mwili zisiharibiwe. Neno lenyewe si la uongo. Ginsenosidi, kemikali zilizomo katika mzizi huo, hupunguza madhara ya radikali huru (chembe zinazoharibu seli) kwenye seli zinazochunguzwa maabarani. Lakini ukiumeza, ni kiasi kidogo tu kinachofika kwenye damu, tena baada ya kubadilishwa na bakteria wa utumbo, ambao hutofautiana mtu na mtu. Kumwahidi mgonjwa wa moyo au figo kwamba atapona kwa hilo ni kumdanganya.

Kwenye sukari kuna ushahidi kidogo. Katika majaribio madogo, gramu 3 za unga wa jinsengi ya Marekani kabla ya chakula zilizuia sukari kupanda sana baada ya kula. Hatari iko hapo hapo: anayetumia insulini au glibenklamidi, dawa za kushusha sukari, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi. Atatetemeka, atatoka jasho, atasikia njaa kali. Kipimo cha sukari kikiwa chini ya 70 mg/dL, anywe vijiko vidogo 3 vya sukari katika maji, apime tena baada ya dakika 15. Mwenye kutumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asiguse jinsengi kabisa; inaweza kuipunguzia dawa hiyo nguvu, damu ikaganda.

Lebo isomwe. Panax ginseng ni ile ya Korea na China, Panax quinquefolius ni ya Marekani. Eleutherococcus, iitwayo jinsengi ya Siberia, ni mmea mwingine, hauna ginsenosidi. Kidonge cha miligramu 200 chenye ginsenosidi asilimia 4 kina ginsenosidi miligramu 8. Kisichoonyesha asilimia, huwezi kujua unameza nini. Kinachouma zaidi ni chai ya vipakiti: mara nyingi sehemu kubwa ni glukosi au laktosi, ambazo ni sukari, na anayeinywa ni mgonjwa wa sukari!

Mtu mzima asiye na dawa nyingine asipite gramu 1 hadi 2 za mzizi mkavu kwa siku, kwa miezi 3 tu, na anywe asubuhi maana usiku hufukuza usingizi. Wajawazito na watoto wasipewe.

Tunawaomba wauzaji wamuulize kila mnunuzi anatumia dawa gani, kabla ya kupokea pesa yake.

Wafamasia wawili, Kadutu, Bukavu