Shukrani kwa mzee aliyeingia maabara yetu

Mzee wangu, jina hukutaka kuacha, basi nakushukuru hapa hadharani. Ulikuja shuleni kwetu hapa Tanga kumfuata mjukuu, ukachungulia maabara, ukaomba kusema machache na kidato cha tatu. Machache gani! Kipindi kizima.

Ulikaa zaidi kwenye asidi ya salfuriki, na ndipo penyewe. Asidi humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo huku ukikoroga, kamwe si maji kwenye asidi. Joto linalozuka ni kali. Maji machache juu ya asidi huchemka papo hapo na kuirusha usoni. Sasa wanaikariri hata wakiwa foleni ya uji. Mabinti nao wanachomeka ncha za mitandio ndani ya koti kabla ya kuwasha moto.

Ukasema kemikali ikiingia jichoni, ni maji yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, halafu hospitali. Ukafungua bomba letu: kavu. Hukulalama. Kesho yake akaja fundi na koki mpya, keshalipwa.

Maji yanatoka, mzee. Karibu tena, kidato cha nne wanaona wivu.