Ukuta wa Mto wa Mbu

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako anakusalimu, na goti la bibi limetulia kidogo.

Siku ile tulipokwenda na lori kuchukua vitunguu Mang'ola, tulipofika Mto wa Mbu uliutazama ule ukuta wa mlima ukaniuliza, "Baba, nani aliukata hivi?" Nilikuwa nimechoka. Nikakujibu kwamba ndivyo Mungu alivyoumba, nikaongeza sauti ya redio. Jibu lile limenikaa rohoni. Tangu urudi shule nimekuwa nikisoma na kuuliza.

Hakuna aliyeukata mlima, mama. Ni huku chini palipodidimia. Ganda la dunia limegawanyika vipande vikubwa vinavyoitwa mabamba, nayo husogea polepole juu ya miamba yenye joto kali. Bamba letu la Afrika linapasuka: upande wa mashariki unajitenga na wa magharibi kwa milimita chache tu kwa mwaka, upana wa punje moja au mbili za mchele. Lakini ni miaka mamilioni. Ganda likivutwa muda wote huo huwa jembamba, hupasuka, na kipande kikazama. Hilo ndilo Bonde la Ufa.

Miaka yote napita pale na sikuwahi kuona kwamba ukuta uko upande mmoja tu. Ukitoka Makuyuni ardhi inateremka taratibu, hata gia hubadilishi, halafu ghafla mlima umesimama mbele yako. Kipande kilizama kwa kulalia magharibi, kama meza iliyovunjika miguu ya upande mmoja. Ziwa Manyara limejikusanya hapo penye kuinama, chini kabisa ya ukuta. Na mvua ya milima ya Ngorongoro, ambayo yenyewe ni volkano za kale, hunywea kwenye miamba ikatokea chini kama chemchemi. Ndiyo maana msitu ule una kijani hata kiangazi.

Julai 2007 ulikuwa hujazaliwa. Nilikuwa Arusha nakaza nati za tairi, nikaona gari linayumba lenyewe juu ya jeki. Ardhi ilitetemeka siku nyingi, na tetemeko kubwa lilifika ukubwa wa 5.9, hata Nairobi walilisikia. Kumbe kaskazini, chini ya mlima Gelai karibu na Ziwa Natron, mwamba ulioyeyuka ulikuwa unajipenyeza ndani ya ufa na kuutanua. Mwezi wa tisa Oldoinyo Lengai ukalipuka kwa nguvu. Mlima ule ndio pekee duniani leo unaotoa lava ya aina yake: hutoka nyeusi, joto lake kama nusu ya lava nyingine, kisha ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe.

Ufa una mkono mwingine huko magharibi. Ziwa Tanganyika limo humo, kina chake mita 1,470, na sakafu yake iko chini kuliko usawa wa bahari. Hilo nalo nimelifikiria sana nikiwa barabarani.

Likizo ukija tutapanda tena. Ukae dirisha la kushoto, ziwa liko upande huo. Tukifika juu nitasimamisha gari lipoe, tugeuke tutazame tulikotoka. Maswali mengine yaandike usije ukayasahau. Redio nitaizima.

Ni mimi baba yako.