Barua ya Kufunga Muhula: Wanamuziki Watakaofundisha Watoto Wetu Likizo Hii

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Iringa.
Juni.

Kwa wazazi na walezi wote, Darasa la Awali hadi Darasa la Saba.

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA KAMBI YA MUZIKI YA LIKIZO

Kamwene, wazazi wangu.

Tunafunga shule Ijumaa hii saa 6 mchana. Ripoti za mitihani atakabidhiwa mzazi mwenyewe, si mtoto, maana muhula uliopita baadhi zilifika nyumbani zimeloa na nyingine hazikufika kabisa. Ukija kuchukua ripoti, kaa na mwalimu wa darasa walau dakika 10. Darasa la Saba watakuwa na masomo ya asubuhi kwa wiki mbili za mwanzo wa likizo. Ratiba yao imebandikwa mlangoni pa ofisi. Hisabati ya Darasa la Tano haijaniridhisha, na hilo tutaliongea kwenye kikao tukifungua. Sweta ni lazima. Baridi ya mwaka huu mmeiona wenyewe.

Hayo nimeyapita haraka kwa sababu nina jambo linalohitaji nafasi. Kwenye kikao cha mwezi wa tano baba mmoja alisimama akauliza: hawa watu wa kambi ya muziki ni wapiga magitaa wa harusini, cheti cha ualimu hawana, kwa nini tuwakabidhi watoto? Wengine mliitikia kwa kichwa. Jua lilikuwa linazama, wa Kitwiru na Ipogolo walikuwa na safari mbele yao, nami nikajibu kwa maneno mawili tukafunga kikao. Lile halikuwa jibu. Ni swali la mzazi anayejali, na nimelala nalo siku nyingi.

Kwa waliohamia mwaka huu: kambi hii ni ya wiki mbili, hapa hapa shuleni, Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2:30 asubuhi hadi saa 8:30 mchana. Inachukua Darasa la Tatu hadi la Sita, na huu ni mwaka wa tatu. Wanaofundisha ni watano. Yupo mama anayeongoza kwaya ya usharika, ambaye riziki yake ni cherehani. Yupo mzee aliyepiga tarumbeta jeshini hadi akastaafu. Yupo kijana aliyesomea TaSUBa, chuo cha sanaa kule Bagamoyo, anafundisha marimba, zeze na ngoma. Yupo mzee wa ligombo, chombo cha nyuzi cha Wahehe, kutoka upande wa Kalenga. Na yupo huyo mpiga gitaa wa harusini.

Nianze na mzee wa tarumbeta, kwa kuwa yeye ndiye aliyenibadilisha mawazo. Mwaka wa kwanza, siku ya kwanza, hakumpa mtoto yeyote tarumbeta. Aliwagawia kile kipande kidogo cha kupulizia peke yake, na kwa siku mbili nzima kazi ikawa kutetemesha midomo. Nilipita dirishani nikasikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki, nikaona muda unapotea, nikakaribia kumwita ofisini. Siku ya tatu akawapa tarumbeta kamili. Watoto ambao hawajawahi kuishika maishani mwao wakatoa sauti iliyonyooka. Binti mmoja wa Darasa la Tatu alikuwa na pengo, meno ya mbele yametoka. Mzee akamwinamia, akamwambia, "Mjukuu wangu, wewe kwanza shika ngoma. Meno yakiota, mwakani tarumbeta hii ni yako." Akanieleza baadaye kwamba mtoto akijifunza kupuliza akiwa na pengo, anazoea kubana midomo vibaya, na kulirekebisha kosa hilo ni kazi ya miaka. Mimi nina cheti cha ualimu na miaka mingi darasani, na nisingelijua hilo. Ningempa tu tarumbeta, kisha ningemwona mtoto hawezi.

Asubuhi ya Juni hapa kwetu vyombo navyo vinagombana. Saa 3 sauti za tarumbeta ziko chini, za magitaa ziko juu, na watoto wanadhani wao ndio wamekosea. Mzee aliwaambia wapulize pumzi ya moto ndani ya tarumbeta bila kutoa sauti, wasubiri, wajaribu tena. Sauti ikapanda. Mwalimu wetu wa Sayansi alikuwa zamu siku hiyo, akadaka nafasi papo hapo: sauti inasafiri kiasi cha mita 331 kwa sekunde katika hewa ya nyuzi joto 0, na kiasi cha mita 343 katika nyuzi joto 20. Hewa iliyomo ndani ya bomba ikipoa, sauti inatembea polepole na noti inashuka. Waya wa gitaa ukipoa unajikaza, noti inapanda. Somo hilo halikuwa kwenye ratiba ya mtu yeyote.

Na kwa wazazi wa Darasa la Tano, wenye wasiwasi kama wangu juu ya sehemu katika Hisabati: tarumbeta ina vitufe vitatu. Cha kwanza kinashusha sauti hatua 1 ya muziki, kama kutoka r kwenda d. Cha pili kinashusha nusu hatua. Cha tatu kinashusha hatua 1 na nusu. Ukibonyeza cha kwanza na cha pili pamoja, umefika palepale panapofika cha tatu. Nilimwona kijana ambaye kujumlisha sehemu ubaoni kulikuwa kunamtoa machozi akieleza jambo hilo kwa vidole, akimfundisha mwenzake.

Mama wa kwaya anafundisha solfa, yaani kuandika na kusoma noti kwa herufi: d, r, m, f, s, l, t. Wengi wenu mliokulia kwenye kwaya mnaijua bila kujua ilikotoka. Ilianzishwa Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, kisha mchungaji John Curwen akaiboresha na kuieneza katika karne ya 19, kusudi watu wa kawaida wasome muziki kwa koo zao tu, bila kumiliki kinanda. Wamisionari wakaja nayo Afrika. Huko Afrika Kusini, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg aliyeitwa Enoch Sontonga aliitumia kuandikia nyimbo za wanafunzi wake daftarini. Mojawapo aliitunga mwaka 1897, na sauti yake ndiyo inayobeba Mungu Ibariki Afrika, wimbo ambao watoto wenu wanauimba mstarini kila asubuhi bendera ikipanda. Sontonga alikuwa mwalimu na kiongozi wa kwaya kwa pamoja. Kwa hiyo wazo kwamba mtu wa muziki ni mmoja na mwalimu ni mwingine, kila asubuhi saa 2 tunaimba ushahidi wa kulipinga.

Mama huyu hana haraka. Akifundisha sauti ya tatu, anasimama nyuma ya mtoto, anaimba polepole sikioni mwake mpaka mtoto aache kufuata sauti ya kwanza. Kisha anapunguza sauti yake, anapunguza, mpaka mtoto anabaki peke yake na hajui ameachwa. Jambo hilo halielezeki ubaoni. Anayeliweza ni yule ambaye mwenyewe ameimba sauti ya tatu nusu ya maisha yake.

Sasa mpiga gitaa. Baba uliyeuliza, kuhusu yeye ulikuwa na haki zaidi kuliko nilivyokubali siku ile. Mwaka wa kwanza alishindwa. Alipiga vizuri mno, vidole vikikimbia, na watoto wakakaa wakimtazama kama watu walioenda kwenye tamasha. Wakapiga makofi. Wiki ikakaribia kwisha, hakuna aliyejua kushika hata kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Tulizungumza naye, naye akakubali kukaa siku mbili kwenye kona ya darasa la mama wa kwaya, bila gitaa, akiangalia tu. Aliona jinsi anavyomngoja mtoto wa mwisho. Aliona kwamba anatoa jambo moja, halafu jingine. Akarudi akiwa mwalimu. Siku hizi anaanza na waya mmoja na wimbo wa noti tatu, na haongezi waya wa pili mpaka yule wa nyuma kabisa aweze. Kupiga vizuri peke yake hakutoshi, nalikubali hilo waziwazi. Ndiyo maana sasa kila mwanamuziki tunamweka kwanza na mwenzake aliyezoea watoto, na walimu wetu wenye vyeti wanakaa ndani ya vipindi mwanzo hadi mwisho.

Ligombo wengi wa watoto hawajaliona, ingawa ni letu. Ni ubao mrefu uliochimbwa kama hori dogo, na uzi mmoja unapitishwa huku na huko juu ya shimo hadi unakuwa nyuzi kadhaa. Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake ya kurekodi, ligombo la Wahehe lilikuwa miongoni mwa aliyoyahifadhi. Mzee wetu hapigi bila kusimulia. Anaongea Kihehe, watoto wanaokijua wanawatafsiria wenzao, na mwaka jana niliona watoto wanaoona haya kuongea Kihehe darasani wakigombea nafasi ya kutafsiri. Mzee ana umri mkubwa. Aliowafundisha kupiga ni wachache sana. Naumia nikifikiria hilo, na kwa chombo hiki sitaki tungoje mpaka mtu apate cheti.

Wengine mmesema kambi za muziki ni mambo ya Wazungu. Ni kweli kwamba Marekani zipo za siku nyingi, zinazofanyika kwenye kiangazi chao, miezi ileile ambayo sisi tunavaa makoti. Kule Interlochen, jimbo la Michigan, Joseph Maddy alifungua kambi mwaka 1928 kwa ajili ya vijana wa sekondari waliotaka kupiga pamoja katika okestra. Kule Tanglewood, Massachusetts, Serge Koussevitzky, kiongozi wa okestra ya Boston, alianzisha mafunzo ya kiangazi mwaka 1940. Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka huo wa kwanza alikuwemo Leonard Bernstein. Alirudi huko kufundisha, akaendelea kurudi hadi kiangazi cha 1990, mwaka aliofariki. Miaka 50. Nalitaja hili kwa sababu ya jambo moja tu: huko nako wanaofundisha ni wapigaji wenyewe, na mwanafunzi wa jana ndiye mwalimu wa kesho. Kwetu pia si jambo geni. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, jirani zetu hapa, alijulikana duniani kwa zeze na marimba zake, na alikuwa mmoja wa walioufundisha muziki huo Bagamoyo.

Kuhusu posho. Kuna aliyesema kwamba hawa wanapenda muziki, basi wafundishe bure. Sikubaliani naye hata kidogo. Juni na Julai, mahindi yakishaingia, ndiyo miezi ya sendofu na harusi, na ndipo mwanamuziki wa Iringa anapopata ada ya watoto wake. Anayekaa na watoto wetu hadi Ijumaa mchana anakosa mazoezi na bendi yake, na mara nyingine anakosa kazi yenyewe ya Jumamosi. Fundi wa tofali tunamlipa, na hatumwambii kwamba anapenda kujenga. Kamati ya Shule imeidhinisha posho yao kutoka kwenye mauzo ya alizeti ya shamba la shule, na hesabu zipo ofisini kwa yeyote anayetaka kuziona.

Usalama wa watoto. Hakuna mwanamuziki atakayekaa na mtoto peke yake chumbani. Milango yote inabaki wazi, mwalimu wa zamu yupo muda wote, na mtoto haendi nyumbani kwa mwalimu wa kambi kwa mazoezi ya ziada. Kanuni hiyo wamesomewa na wameikubali.

Naomba radhi pia kwa jambo la mwaka jana. Siku ya kufunga, onyesho lilianza kwa kuchelewa na mimi sikulikatiza, watoto wakatoka saa 12 jioni. Wa Kitwiru walifika nyumbani giza limeingia, na mama mmoja alimtafuta mwanawe njia nzima. Kosa hilo ni langu. Mwaka huu onyesho litaanza saa 4 asubuhi ya Ijumaa ya pili na litakwisha kabla ya chakula cha mchana, hata kama kuna wimbo uliobaki.

Najua mahindi yako shambani na mikono ya watoto inahitajika kupukuchua. Mwenye uhitaji huo amlete mtoto wiki moja tu, ya kwanza au ya pili, asimnyime zote mbili. Aje na sweta, kikombe cha uji na daftari moja. Anayeweza alete mahindi kidogo au maharage kwa ajili ya makande ya mchana. Ni hiari, na mtoto asiyeleta atakula kama wenzake. Kipande cha chini cha barua hii kijazwe na kurudishwa kwa mwalimu wa darasa kabla ya Jumatano.

Baba uliyeuliza swali, nina ombi kwako. Usingoje siku ya onyesho. Njoo Jumatano ya wiki ya kwanza, saa 3, siku ya kazi ya kawaida, wakati vyombo bado vina baridi na watoto bado wanakosea. Nitakuwekea kiti darasani kwa mpiga gitaa, nyuma, karibu na yule mtoto wa mwisho anayengojwa.

Wenu katika malezi ya watoto,

Mwalimu Mkuu