Kuhusu ule unga wako

Ngamiani, Tanga
Jumapili

Swahibu yangu Shaaban,

Assalaam alaykum. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yako unaiweka spika na mjukuu kakaa hapo hapo, na haya si ya mtoto kusikia. Ukishasoma ichane. Au mpe shemeji asome, ingekuwa bora zaidi, lakini nakujua.

Juzi uliponiambia umepata unga wa nguvu za kiume kwa yule jamaa wa sokoni, kijiko kimoja kwenye chai ya maziwa na "kijana karudi kazini", nilicheka. Nilipokata simu kicheko kikanikauka. Maana dakika tano kabla ya hapo ulikuwa unanilalamikia kwamba ukipanda kile kilima cha msikitini kifua kinakubana, na umepewa vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Hayo mawili, Shaaban, hayakai kwenye mwili mmoja. Nitafika huko. Ila acha nianze na aibu yangu mimi, usije ukasema nakufanyia ualimu.

Unaikumbuka harusi ya binti wa dada yangu, kule Pangani. Nilirudi na mafua. Nikapita duka la dawa, nikanunua vidonge vile vya kukausha pua, nikameza viwili jioni na kimoja wakati wa kulala. Saa nane za usiku nikaamka kwenda msalani, kawaida yangu. Miaka miwili nilikuwa naamka mara nne, mara tano, na kila mara nikisema ndio uzee huo. Nikasimama. Hakuna kitu. Nikafungua bomba nisikie maji yakichuruzika. Nikachuchumaa. Nikatia miguu kwenye beseni la maji ya baridi, kama mama zetu walivyotufanyia. Hakuna hata tone. Chini ya kitovu tumbo limevimba, gumu kama nazi. Kufika alfajiri nalia, mtu mzima mimi, na mama Zuhura ndiye aliyenivisha kanzu akaita bajaji. Kila tuta la barabarani nilimtaja Mungu kwa sauti.

Kijana mmoja, rika la mwanangu wa mwisho, ndiye aliyeniwekea mpira wa kutolea mkojo. Sikudanganyi kwamba hauumi kuingia. Lakini ulipofika kwenye kibofu nikausikia mkojo unaporomoka kwenye mfuko, mwili wote ukalegea, nikataka kumbusu yule kijana mikono. Nesi akasoma mfuko: lita moja na robo. Nikalala usingizi papo hapo, watu wanazungumza juu ya kichwa changu.

Baadaye nikaelezwa. Ile dawa ya mafua inabana mishipa ya pua, na huku chini inabana vilevile misuli ya shingo ya kibofu. Kwa kijana haina neno. Tezi dume imekaa chini ya kibofu, mrija wa mkojo umepita katikati yake, na ya kijana ina uzito wa gramu 20 hivi. Yangu kwenye ultrasaundi ilikutwa 68. Yaani mrija wangu ulikuwa kama mpira wa kumwagilia bustani ulioshakanyagwa mguu mmoja, mimi nikaongeza wa pili kwa hela yangu mwenyewe.

Na dalili nilizijua, ndilo linaloniuma. Mkojo unakatika katikati, unaanza tena. Unadhani umemaliza, unavaa, yanatoka matone mengine. Ramadhani nzima niliswali safu ya nyuma, kitambaa ndani ya suruali, natawadha mara mbili mbili kwa wasiwasi wa udhu. Sikumwambia imamu wala mke. Sasa najua kwamba wanaume wakiwa na miaka hamsini na kitu, karibu nusu yao tezi imeshaanza kunenepa, na wakifika themanini wanakuwa wanane kati ya kumi au zaidi. Yaani nusu ya ile safu ya nyuma huenda ilikuwa na kitambaa, na kila mmoja anamwogopa mwenzake.

Tuje kwenye kile kipimo cha kidole, daktari anapoipapasa tezi kwa njia ya haja kubwa, maana najua hapo ndipo ulipokwama. Unalala ubavu, magoti umeyavuta tumboni, daktari anavaa glavu na kuipaka jeli. Muda wake hauzidi wa kukoroga sukari kwenye kikombe. Si kitamu, ila maumivu hasa hayakuwepo. Lililokuwepo ni fedheha tu, nayo iliishia mlangoni. Anachotafuta ni ugumu. Alinieleza kwa mkono wake mwenyewe: gusa ncha ya pua yako, tezi nzima iko hivyo, kisha gusa fundo la kidole ulichokunja, hapo ndipo tunapoanza kuuliza maswali. Yangu kubwa lakini laini.

Damu nayo ikapimwa, kile kipimo cha PSA, yaani protini inayotengenezwa na tezi dume. Ikaja 7, nikaandika wasia kichwani. Kumbe watu wengi huambiwa mpaka wake ni 4, lakini namba hiyo inapandishwa na mambo mengi: tezi kunenepa tu, maambukizi, kuziba kwa mkojo, hata kuwekewa mpira. Wakaniambia nitulie wiki sita nirudi. Ikashuka 3.6. Tezi inayonenepa ni kitu kimoja na saratani ni kitu kingine, Shaaban, ijapokuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Saratani yenyewe mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote, ndiyo maana kungoja uumwe ndipo upime ni kuchelewa.

Hapa nitasema neno, unisamehe. Marehemu mzee wako mwaka wake wa mwisho alikuwa halali kwa mgongo na kiuno, na mkojo ukimsumbua, tukasema ni baridi na kazi za ujana. Sitaki kumsemea asiyekuwepo. Lakini saratani ya tezi ikikomaa hupenda kwenda kwenye mifupa ya mgongo na nyonga, na aliyeugua baba yake au ndugu yake, hatari kwake inakuwa kama mara mbili ya mtu mwingine. Sisi watu weusi nasi tumetajwa miongoni mwa walio hatarini zaidi. Mtu wa namna yako huambiwa alizungumze na daktari tangu miaka 45. Wewe una 63.

Unakumbuka 2014, Rais Kikwete alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume kule Baltimore akarudi akalisema mwenyewe mbele ya watu? Baraza letu la kahawa lilizungumza tezi wiki nzima. Wiki ya pili tukarudi kwenye Simba na Yanga.

Nilipewa dawa mbili. Tamsulosini inalegeza misuli ya pale shingoni. Ndani ya siku chache mkojo ukawa unatoka wa kiume. Ila usisimame ghafla kitandani, utaona nyota. Nyingine ni finasteraidi, hiyo inaipunguza tezi polepole, nilihesabu miezi sita ndipo nikaona tofauti. Inaishusha pia ile PSA karibu nusu, kwa hiyo kila daktari anayenipima namwambia naimeza, asije akafurahia namba ya uongo. Na kuna jambo hakuna aliyenitahadharisha: kwa tamsulosini unaweza kumaliza shughuli na kisitoke kitu. Usiku ule nilishtuka, mama Zuhura akadhani nimemaliza nje ya nyumba! Ilibidi nimweleze, na baada ya miaka 34 ya ndoa ndiyo ilikuwa mara yetu ya kwanza kuzungumza habari hizo taa ikiwa inawaka.

Sasa nguvu. Nami zilikuwa zimenipungua, nikailaumu tezi. Daktari akaniuliza kama nimepima sukari. Ilikuwa 13 kabla ya kula. Akanichorea kwenye karatasi: mishipa ya damu inayokwenda uumeni ina upana wa milimita 1 au 2, ya moyo 3 au 4. Mafuta na sukari vinaiharibu yote kwa pamoja, ila mwembamba ndio unaoziba mwanzo. Kwa hiyo mara nyingi kitandani panatangulia, na kifua kinafuata miaka miwili, mitatu, hata mitano baadaye. Nilipokuwa nakusikiliza juzi nikahesabu vidole. Wewe mwenyewe ulisema kijana alianza kusinzia mwaka ule wa harusi. Kifua kimeanza mwaka huu.

Na huo unga. Uliniambia ukinywa, baada ya saa hivi uso unawaka moto na pua inaziba kidogo. Shaaban, hayo nimeyasoma kwenye karatasi ya vidonge vyangu, maana baada ya sukari kushuka niliandikiwa sildenafili, ile ile ya Viagra, kipimo kidogo, na nikaambiwa niipishanishe saa kadhaa na tamsulosini ili presha isishuke. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta sildenafili imesagwa ndani ya vitu vinavyouzwa kama miti shamba. Wako sijaupima, siwezi kuapa. Lakini mzizi gani huo unafika ndani ya saa moja na unaziba pua?

Ajabu ni kwamba dawa hiyo watengenezaji wake walikuwa wanatafuta dawa ya kifua kinachobana kwa sababu ya moyo, ndipo wanaume wa majaribio wakaripoti mengine; ikaingia madukani Marekani 1998. Lakini kidonge chako cha chini ya ulimi kinafungua mishipa ya damu, na sildenafili inaizuia isijifunge tena. Vikikutana, presha inaanguka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani. Kuna watu wamekufa hivyo. Basi unga uache leo, kidonge cha moyo usikiache. Na ikitokea umeshaunywa na kifua kikakubana, usiweke kidonge ulimini. Mwambie shemeji akupeleke hospitali upesi na useme wazi umekunywa nini. Hawatakucheka. Wakikucheka, potelea mbali.

Sindano ya homoni aliyokupigia debe mkweo, iache kwanza. Homoni ya kiume hupungua taratibu, kama asilimia moja kwa mwaka tangu ujanani, na hupimwa asubuhi mapema, tena siku mbili tofauti, kabla mtu hajasema imepungua. Yangu ilikuwa sawa. Kilichonisaidia ni kitambi: kilo tisa zimeondoka kwa kwenda Raskazone kwa miguu na kuacha chapati za usiku. Mkojo wa usiku umebaki mara moja, na chai ya mwisho nainywa magharibi.

Wala usidhani nimeanza kuidharau miti. Huko kwenu kwenye msitu wa Kilimanjaro kuna mti ambao Wakikuyu wanauita muiri. Wazungu wametengeneza dawa ya tezi kutokana na gome lake tangu miaka ya 1960, na umebanduliwa Afrika hii mpaka 1995 biashara yake ikawekewa masharti ya kimataifa. Mti ninauheshimu. Nisiyemwamini ni mwenye kijiko.

Hospitali ya KCMC iko hapo Moshi, watu wanapanda mabasi usiku kucha kuja kutibiwa mkojo na tezi, na wewe unaiona paa yake ukienda sokoni. Nimeshakata tiketi ya Jumatano. Nitafika jioni, Alhamisi asubuhi twende wote. Usinywe chai, wapime na sukari. Na uje na hicho kifuko cha unga kama kilivyo, usikimwage, daktari akione. Mwambie shemeji nakuletea kaukau na dagaa wa Pangani.

Wako,
Hemedi