Kabla ya kununua mikanda ya dari, pima ukuta

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nichangie jambo ambalo kurasa za nyumba na ujenzi hulipitia juu juu, nalo ni mikanda inayowekwa pale ukuta unapokutana na dari. Tunaonyeshwa picha za sebule kubwa zenye mikanda mipana ya maua, lakini msomaji wa Buhongwa, Igoma au Kisesa hapa Mwanza, aliyehamia kwenye nyumba yake kabla haijakamilika kama wengi wetu tulivyofanya, haambiwi ni mkanda gani unaofaa chumba chake, wala kwamba kazi hiyo anaweza kuifanya mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba mkanda huchaguliwa kwa futi ya kupimia kabla ya kuchaguliwa kwa macho, na kwamba anayekubali kupima kwanza hana sababu ya kuiogopa kazi hii.

Cha kwanza kupimwa ni kimo cha chumba. Dari ya mita 2.4 hupendeza kwa mkanda wa sentimita 7 hadi 12 hivi, na ile ya mita 2.7 huweza kubeba mkanda wa hadi sentimita 15. Mipana zaidi ya hapo ni heri iachiwe vyumba vya mita 3 na kuendelea. Hayo ni makadirio ya mafundi, si sheria, lakini mkanda mpana katika chumba kifupi huifanya dari ionekane imeshuka, na hakuna rangi itakayoipandisha. Kuhusu maua, mimi nayapinga kwa sababu ya kivitendo: maua ya kipande kimoja hayana budi kukutana na ya kipande cha pili kwenye kona, na hilo humsumbua hata fundi mzoefu. Anayeanza achukue mkanda wenye mistari tu.

Malighafi nayo ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba tunaishi kando ya ziwa. Mikanda ya jipsamu inapatikana kwa urahisi, haishiki moto na hukubali kuzibwa kwa poda yake yenyewe, ila haipatani na maji. Kwa hiyo bati linalovuja lirekebishwe kwanza, na bafuni itumike mikanda ya plastiki. Ubao wa MDF, ule wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, huvimba ukilowa, na katika nyumba ambayo upepo wa ziwani hupenyeza mvua chini ya bati wakati wa masika, mimi nisingeuweka. Polistireni, lile povu jeupe jepesi linalokuja ndani ya makasha ya televisheni, ni rahisi kukata na kubandika, lakini huwaka vibaya na huyeyuka likiguswa na petroli, tina ya kuyeyushia rangi au gundi yenye vitu hivyo. Lisiwekwe karibu na jiko. Mbao hupendeza kuliko vyote, lakini ni nzito, ni ghali, na huhitaji watu wawili juu ya ngazi.

Jambo lenye uzito zaidi, ambalo sijaona likiandikwa, ni kona. Mwanza imejengwa juu ya mawe. Nyumba nyingi za Mabatini, Bugarika na miteremko mingine zimefuata umbo la mwamba, na hata zile za kwenye viwanja tambarare zimepigwa plasta kwa mkono, hivyo kona ya digrii 90 kamili ni nadra. Kuna njia ya kuipima isiyohitaji kifaa chochote zaidi ya futi na penseli: kutoka kwenye kona, karibu na dari, weka alama ya sentimita 60 kwenye ukuta mmoja na ya sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, kisha pima moja kwa moja kutoka alama hadi alama. Ukipata sentimita 100, kona imenyooka. Ukipata 102, imefunguka kwa zaidi ya digrii 2, na vipande viwili vilivyokatwa kwa digrii 45 vitaacha uwazi upande wa dari. Ukipata pungufu ya 100, kona imebana, na uwazi utajitokeza chini, upande wa ukuta, ambako kila mgeni atauona. Kwa jipsamu, uwazi mdogo huzibwa ukaisha. Kwa mbao, mafundi wazuri hawategemei digrii kabisa katika kona za ndani: kipande cha kwanza hukatwa wima na kugotezwa ukutani, na cha pili huchongwa mwisho wake kwa msumeno mwembamba kufuata umbo la cha kwanza, hata kikakikumbatia.

Ukataji wenyewe huwachanganya watu kwa sababu mkanda hauwekwi kwenye boksi la kukatia, lile lenye mikato ya kuongoza msumeno, kama utakavyokaa ukutani. Hugeuzwa juu chini: ukingo wa dari hulala kwenye sakafu ya boksi, na ukingo wa ukuta huegemea upande wa boksi. Mikanda mingi ya mbao hutengenezwa ilale kwa digrii 38 kutoka ukutani badala ya 45, kwa hiyo angalia mgongo wa mkanda kabla ya kuushika msumeno. Kata vipande vifupi vya majaribio kwa kila kona na uandike nyuma yake kona inayohusika. Mahali vipande viwili vinapoungana katikati ya ukuta mrefu, vikatwe kwa mshazari vilaliane, maana vikigotana wima, ufa hautachelewa kuonekana.

Hesabu ya manunuzi ni nyepesi. Chumba cha mita 4 kwa 3.5 kina mzunguko wa mita 15. Kwa vipande vya mita 2.4, vinne vitaingia vizima, viwili vitatoa mita 1.6 kila kimoja, na kimoja kitagawanywa mara mbili za mita 1.1, jumla saba. Nunua vinane, kwa kuwa makato ya kona hayasamehe.

Kabla ya kutoboa au kupigilia chochote, zima swichi kubwa ya umeme, kwa sababu nyaya nyingi hupita sehemu ya juu ya ukuta. Piga mstari kwa uzi wenye chaki kuzunguka chumba kizima, kwaruza rangi ya zamani mahali mkanda utakapogusa, kisha lowesha kidogo. Poda ya jipsamu ya kubandikia mkanda humiminwa ndani ya maji na kukorogwa mpaka iwe kama uji mzito, na ikorogwe kidogo kidogo kwa sababu huganda ndani ya dakika chache. Misumari michache iliyopigiliwa chini ya mkanda huushikilia hadi ukauke. Mstari wa juu, ambako papi za dari, yaani mbao nyembamba zinazoibeba, hutanuka na kusinyaa chini ya bati la moto, uzibwe kwa kijazio laini cha akriliki. Silikoni ya kawaida haishiki rangi. Msasa upigwe ukiwa umefunika pua na mdomo. Rangi ipakwe asubuhi, kwani anayeipaka jioni taa zikiwaka na madirisha yakiwa wazi atawakuta wadudu wa ziwani wamegandia humo kwa mamia.

Naomba basi ukurasa wenu wa nyumba, kila unapochapisha picha ya dari, utaje pia kimo cha chumba na upana wa mkanda uliotumika. Kwa wenye maduka ya vifaa vya ujenzi hapa mjini, ombi langu ni dogo: vile vipande vilivyovunjika wakati wa kushusha mzigo, ambavyo hutupwa nyuma ya duka, wauzieni wateja kwa bei ndogo wakajaribie kona zao nyumbani kabla ya kulipia mzigo mzima.

Wako,
Msomaji,
Buhongwa, Mwanza