Saa mbovu ilivyozima majina ya vikoa

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze mafundi wenzangu jambo lililonikesha. Umeme ulikatika, na seva yetu ya DNS, yaani inayotafuta anwani za majina ya vikoa (kama majina ya tovuti), ikazimika. Ilipowaka, betri ndogo ya saa ilikuwa imekufa, hivyo mashine ikaamini tuko Januari 1970. Seva hiyo hukagua sahihi za DNSSEC, yaani sahihi za kidijitali zinazothibitisha kuwa majibu ya DNS ni halisi, nazo zina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kwa seva iliyorudi 1970, hakuna iliyokuwa imeanza. Na kwa kuwa mzizi wenyewe wa DNS, ngazi ya juu kabisa ya majina yote, umetiwa sahihi tangu 2010, majina karibu yote yakakataliwa.

Kilichoniumiza zaidi ni hiki: programu ya NTP, inayorekebisha saa, tuliipa jina la seva ya muda badala ya anwani ya namba. Kulipata jina hilo kunahitaji DNS ijibu, na DNS haijibu mpaka saa iwe sawa! Nilihangaika na nyaya na ruta kwa saa nne kabla ya kuandika amri moja fupi ya kuonyesha tarehe.

Hata kosa dogo hudhuru. Seva za majina zinazohamishiana data kwa ufunguo wa TSIG, yaani ufunguo wa siri wa kuthibitisha ujumbe, kwa kawaida huvumilia tofauti ya sekunde 300 tu kati ya saa zao.

Nawasihi wenzangu, badilisheni betri hizo mapema, na kila seva ya majina iwekewe walau anwani moja ya namba ya kuulizia saa.

Fundi wa mitandao