Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu: Mwaka Tuliomzika Babu wa Mifereji

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana,

Hesabu za mwaka mnazo mkononi, na mweka hazina atazisoma mstari kwa mstari. Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, darasa la Kiswahili la watoto la Jumamosi halikukosa mwalimu hata wiki moja, na ukumbi tumeupata tena kwa bei ile ile. Muda uliobaki naomba niutumie kumzungumzia mtu mmoja.

Mwezi wa Februari tulimzika mume wa mama yetu wa Kidatu. Sote tulimwita Babu, hata wale tunaomkaribia umri. Alikuwa Mmarekani wa asili ya Ireland, mzaliwa wa hapa hapa Lowell, Massachusetts, mtaa wa Acre. Mhandisi wa maji, baba wa watoto wanne, babu wa wajukuu tisa. Kwenye daftari letu jina lake liko ukurasa wa kwanza. Tulimwomba agombee uongozi kila uchaguzi, na kila uchaguzi alikataa. Alikubali kushika funguo za stoo, basi.

Vijana mliofika miaka ya karibuni, ile mifereji mnayoivuka mkienda kazini ilichimbwa kwa mikono. Mwaka 1822 Hugh Cummiskey aliwaongoza vibarua 30 wa Kiairishi kwa miguu kutoka Charlestown, karibu na Boston, safari ya kama kilomita 40, waje kuichimba. Walilala kwenye vibanda, na vibanda hivyo ndivyo vilivyokuja kuwa Acre. Mto Merrimack unashuka kama mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket, na nguvu ya mshuko huo ndiyo iliyoendesha viwanda vya pamba vilivyoujenga mji huu. Ukoo wa Babu uliingia baadaye, ukiikimbia njaa kuu iliyoanza Ireland mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani. Alikuwa akitukumbusha kwamba watu wake nao waliishi hapa wakiitwa wageni, wakifanya kazi ambazo wenyeji hawakuzitaka, na wakizikana kwa michango. Ndiyo maana hakutushangaa hata siku moja.

Mkewe alimpata kanisani hapa, mama huyo alipokuja kutoka Tanzania kusomea uuguzi. Mara ya kwanza Babu alipopelekwa ukweni, mizigo ikiwa bado mlangoni, aliomba apelekwe kuona bwawa la umeme la Kidatu. Baba mkwe akampeleka. Wakasimama nje ya uzio, na Babu akamweleza kuwa mitambo iliyo chini ya mlima ule inazungushwa na turbini za Francis, na kwamba mhandisi James B. Francis alizibuni Lowell, kwenye mifereji ile ile, mwishoni mwa miaka ya 1840: maji yanaingia kutoka pembeni, yanalizungusha gurudumu, kisha yanatokea katikati. Mzee yule alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kumbe undugu wenyewe ulitangulia mahari. Mama yetu alitusimulia hayo usiku wa kuaga mwili, na nadhani ndipo wengi wetu tulipomwelewa. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilipoanza kuzalisha umeme, Babu alikuja darasani kwa watoto na mchoro mkubwa: turbini 9 za Francis, megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Watoto waliondoka wakijua kwamba taa ya bibi yao na mtaa wao wa hapa vina habari moja.

Nyumbani alikuwa baba kwelikweli. Mkewe alifanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee kwa zaidi ya miaka ishirini. Alijua kuendesha gari vizuri, lakini wakati wa theluji Babu aliamka saa kumi na moja alfajiri akamfuate, gari likiwa limeshapata joto na chai ikiwa kwenye chupa. Jumapili baada ya misa watoto na wajukuu wote walikula meza moja, na aliyekosa alipigiwa simu kabla sahani hazijaondolewa. Alishikilia pia kwamba mtoto asiyejua kuogelea hafai kukua kwenye mji wenye mifereji. Wajukuu wake wote aliwafundisha mwenyewe. Alipowamaliza wa kwake, akaanza na wa kwetu. Binti yangu aliogelea mara ya kwanza mikono ya Babu ikiwa chini ya tumbo lake, na sikujua ni lini aliiondoa.

Sasa jambo ambalo nataka katibu aliandike. Miaka minane iliyopita Babu alisimama kwenye mkutano kama huu akapendekeza mfuko wa misiba unaochangiwa kila mwezi, watu wakiwa wazima. Alitusimulia habari za lango la Francis. Mwaka 1850 Francis alijenga lango zito la mbao, akalitundika juu ya mfereji. Watu wa mji wakaliita upuuzi wa Francis. Aprili 1852 mto ulifurika. Wakakata chuma kilicholishikilia, lango likaanguka mahali pake, mji ukapona. Mwaka 1936 mafuriko makubwa yalirudi, na lango lile lile likashushwa tena. Francis mwenyewe alikuwa ameshakufa miaka mingi.

Wengine wetu tukasema huo ni uchuro, kumchangia jeneza mtu aliye hai. Mimi nilinyoosha mkono kupinga. Nilikosea. Mwaka huu tumewasafirisha marehemu wetu wawili, mmoja Eldoret na mwingine Moshi, kila mmoja ndani ya siku kumi, bila kupigiana simu usiku wa manane kutafuta dola mia mbili. Wanaokumbuka marehemu wetu aliyelala mochari wiki tano kabla ya mfuko kuwepo wanajua ninachosema.

Familia ya Babu haikuchukua hata senti ya mfuko huo. Mazishi yalikuwa hapa, na wanawe walisema baba yao aliulipia kama wengine ila asingependa uguswe wakati kuna wa kupelekwa mbali. Tulichotoa ni mikono yetu. Dada zake walileta mikate yao ya magadi, akina mama wetu wakaleta sambusa na pilau, na usiku ule Waairishi na sisi tulikesha vile vile, rozari kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, hadithi za marehemu katikati, vicheko na vilio. Sikuona mgeni mle ndani.

Kamati inaleta mapendekezo mawili leo. Mchango wa mfuko wa misiba uongezwe kwa dola tano kwa mwezi, kwa sababu nauli za mizigo zimepanda. Na chama kiwalipie watoto wote wa wanachama mafunzo ya kuogelea kila Julai. Nawaomba mpige kura ya ndiyo kwa yote mawili.

Mwisho, stoo. Mjukuu wake mkubwa amerudisha funguo wiki iliyopita, zote saba, na kuanzia leo atazishika yeye. Kila ufunguo una kibandiko kwa mwandiko wa Babu, kwa Kiswahili: Viti. Masufuria makubwa. Mlango wa nyuma, sukuma kwanza.